Safu Isiyomo Rejestani: Wakunga Watafiti wa Mulago na Majeraha ya Akili ya Uzazi

Rejesta ya wodi ya wazazi katika hospitali ya umma nchini Uganda ni daftari pana lenye safu nyingi, ambalo wakunga hulijaza zamu baada ya zamu: umri wa mzazi, mimba yake ni ya ngapi, amejifungua kwa njia ya kawaida au kwa upasuaji, mtoto ana uzito gani, ni hai au ni mfu, na akiwa mfu, sharti ibainishwe kama alifia tumboni siku kadhaa kabla, hata ngozi ikaanza kuchubuka, au alikufa karibu na wakati wa kutoka. Utengano huo wa aina mbili za vifo haukuwekwa bure, maana kifo cha aina ya pili mara nyingi huashiria kwamba huduma ilichelewa, na kwa hiyo daftari hilo, hata likichakaa vipi, ni chombo cha kuwajibishana. Hata hivyo, halina mahali pa kumwandika mwanamke anayetoka mlangoni akiwa mzima wa mwili, mtoto mikononi, ilhali akili yake imebaki leba. Sura hii inahusu namna mwanamke huyo alivyoanza kuonekana katika maandishi ya kitaalamu yanayotoka kilima cha Mulago, jijini Kampala, na inahusu pia wauguzi na wakunga walioacha kuwa mikono tu ya utafiti wa wengine, wakaanza kuuliza maswali yao wenyewe.

Maneno mawili yanahitaji kufafanuliwa mapema, kwa sababu hata wahudumu wa afya huyachanganya. Sonona ni maradhi ya kushuka kwa moyo kunakodumu kwa majuma, wala si ile huzuni ya siku mbili tatu ambayo wazazi wengi huipata maziwa yanapoanza kutoka. Mwenye sonona hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, hujiona hana thamani, hukesha hata mtoto anapolala, na pengine huona afadhali asingekuwapo. Kiwewe ni jeraha la akili linaloachwa na tukio ambamo mtu alikiona kifo, chake au cha mtu wake, kikimkaribia naye hana la kufanya. Aliyejeruhiwa hivyo hulirudia tukio lile usingizini na mchana kweupe, hushtuliwa na sauti au harufu inayolikumbusha, na huepuka mahali lilipotokea. Mahali hapo pakiwa ni hospitali, matokeo yake hayahitaji maelezo marefu: mimba inayofuata, ambayo huenda ikawa na hatari kuliko ya kwanza, italelewa mbali na kliniki. Mtu mmoja anaweza kupatwa na yote mawili, na anaweza kupatwa na moja bila jingine.

Mulago yenyewe ilianza mwaka 1913, chini ya daktari mmishonari Albert Cook, kama kituo cha kutibu magonjwa ya zinaa, wakati ambapo watawala wa kikoloni na wamishonari waliingiwa na hofu kwamba idadi ya watu wa Buganda inapungua. Hofu hiyo hiyo ndiyo iliyomsukuma mkewe, Katharine Cook, kuanzisha mafunzo ya wakunga huko Namirembe mwaka 1918, kwa hiyo ukunga wa kisasa wa Uganda ulizaliwa ukiwa na kazi moja iliyo wazi, ya kuongeza watoto walio hai na kupunguza mama wanaokufa. Jengo kubwa linalojulikana kama Mulago mpya lilifunguliwa mwaka 1962, mwaka wa uhuru, na katika miongo iliyofuata wodi yake ya wazazi ikaelemewa hata kufikia zaidi ya uzazi 30,000 kwa mwaka, kiasi ambacho hospitali chache barani Afrika zimewahi kukibeba. Sehemu kubwa ya mzigo huo ilihamishiwa Kawempe katika muongo wa 2010, na mwaka 2018 ikafunguliwa kilimani hapo hospitali maalumu ya wanawake na watoto wachanga yenye vitanda 450. Katika mazingira ya namna hiyo, ambapo mkunga mmoja huangalia wanawake kadhaa kwa wakati mmoja, swali la mama anajisikiaje moyoni linaweza kuonekana kuwa anasa. Huo ndio mtazamo ambao watafiti wanaozungumziwa hapa wameupinga, na ni vigumu kuusoma ushahidi wao bila kukubaliana nao.

Asili ya swali hilo nchini Uganda ni ya zamani kuliko inavyodhaniwa. Mwanzoni mwa muongo wa 1970, John Cox, daktari wa magonjwa ya akili kutoka Uingereza aliyekuwa akifundisha Makerere, aliwasaili wanawake wajawazito wa Kasangati, kaskazini mwa Kampala, ambako chuo hicho kilikuwa na kituo cha afya cha mafunzo. Wakati huo wataalamu wengi wa Ulaya waliamini kwamba sonona ni nadra kwa Waafrika, na kwamba mwanamke wa Kiafrika, akizungukwa na jamaa na desturi za uzazi, hawezi kupatwa na huzuni ya baada ya kujifungua kama mwenzake wa Ulaya anayelea peke yake ghorofani. Taarifa ya Cox ya mwaka 1979 kuhusu wajawazito 263 wa Kasangati, pamoja na ulinganisho wake wa mwaka 1983 kati ya wanawake wa Uganda na wa Uskoti, iliibomoa dhana hiyo, kwani takriban mmoja kati ya wanawake kumi wa Uganda alikuwa na sonona miezi michache baada ya kuzaa, kiwango kisichotofautiana sana na kile cha Uskoti.

Waganda wenyewe hawakuhitaji kuambiwa kwamba uzazi unaweza kuiharibu akili, kwa kuwa walikuwa na jina la jambo hilo, amakiro. Jina hilo hutajwa mama anapochanganyikiwa baada ya kujifungua, akamkataa mtoto, au, kama inavyosimuliwa kwa hofu, akatamani kumla. Na chanzo chake kinachotajwa kwa kawaida ni uzinzi uliotendwa wakati wa mimba. Cox aliandika makala mahususi juu ya amakiro, akiuliza kama ni ule wazimu wa baada ya uzazi unaojulikana kwa madaktari wa kwingineko, yaani maradhi makali yanayozuka ghafla katika majuma ya kwanza na yanayohitaji tiba ya haraka. Jibu linaweza kuwa ndiyo kwa sehemu, lakini lililo zito zaidi ni lile ambalo jina hilo hulifanya kijamii: linatambua hatari kwa usahihi wa kushangaza, hata jirani hujua kwamba mtoto asiachwe peke yake na mama huyo, na papo hapo linamtia mgonjwa hatiani. Amakiro ni utambuzi wa ugonjwa na ni mashtaka pia, na mwanamke anayehisi mawazo ya ajabu juu ya mwanawe ana sababu nzuri ya kunyamaza, kwa kuwa kuyatamka ni kukiri kosa la ndoa.

Cox alirudi Uingereza, akafanya kazi Edinburgh, na mwaka 1987 yeye na wenzake Jenifer Holden na Ruth Sagovsky wakachapisha dodoso la maswali kumi ambalo leo linatumika duniani kote kuwabaini wazazi wenye dalili za sonona. Dodoso hilo huuliza juu ya siku 7 zilizopita, alama zake hujumlishwa hadi 30, na linakwepa kwa makusudi malalamiko mengi ya mwili, kwa kuwa uchovu na kukosa usingizi ni hali ya kila aliyejifungua. Hata swali lake la usingizi linauliza kama mama hukesha kwa sababu ya huzuni. Asili yake haifungiki katika jiji la Edinburgh peke yake, kwa sababu kazi ya Kasangati ilimwonyesha Cox jinsi vipimo vya jumla vya magonjwa ya akili visivyomfaa mjamzito na mzazi. Mtafiti wa Kampala anayelifungua dodoso hilo leo, likiwa limetafsiriwa kwa Kiganda, anapokea kitu ambacho mbegu yake ilichukuliwa umbali mfupi tu kutoka anapokaa, ingawa karatasi yenyewe imebandikwa jina la jiji la Uskoti.

Tafsiri hiyo ya Kiganda nayo haikuwa kazi ya kamusi tu. Elialilia Okello na Solvig Ekblad, walipowauliza Waganda mwaka 2006 wanavyoielewa sonona, walikuta kwamba wengi waliieleza kama ugonjwa wa mawazo, wa mtu anayefikiri kupita kiasi, badala ya ugonjwa wa hisia. Na msomaji wa Kiswahili hatashangaa, kwani naye husema fulani ana mawazo, akimaanisha hali iliyo nzito kuliko kufikiri. Watafiti walioongozwa na Paul Bolton, ambao mwaka 2003 walichapisha matokeo ya tiba ya mazungumzo ya vikundi katika vijiji vya Masaka na Rakai, walianza na majina mawili waliyopewa na wanakijiji: yo'kwekyawa, hali ya mtu kujichukia, na okwekubazida, hali ya kujisikitikia. Tiba hiyo iliendeshwa na watu wa kawaida waliofunzwa kwa muda mfupi, nayo ilipunguza sonona kwa kiasi kikubwa, jambo lenye maana ya pekee kwa nchi ambayo madaktari wake wa akili ni wachache mno na ambayo hospitali yake kuu ya akili, Butabika, iko nje kidogo ya jiji hilo hilo la Kampala.

Kuhusu ukubwa wa tatizo, takwimu hutofautiana, na tofauti hizo zina sababu. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 20 ya wanawake hupatwa na tatizo la akili baada ya kujifungua, hasa sonona, ilhali Juliet Nakku na wenzake, walipowachunguza wanawake 544 katika kliniki za pembezoni mwa Kampala majuma sita baada ya uzazi, walipata sonona kali kwa asilimia 6.1 tu katika taarifa yao ya mwaka 2006. Dodoso la kuchuja huwanasa wengi, wakiwamo wasio wagonjwa. Usaili kamili wa kitabibu huwabakiza wale ambao ugonjwa wao hauna shaka. Na hata kiwango hicho cha chini si kidogo: asilimia 6 ya wazazi 30,000 ni wanawake 1,800 kwa mwaka.

Kiwewe kilichelewa zaidi kupata watafiti wake, na hapa ndipo wauguzi wasomi walipotangulia. Nchini Marekani, Cheryl Tatano Beck, muuguzi na mkunga wa Chuo Kikuu cha Connecticut, alitumia mbinu iitwayo fenomenolojia, ambayo humtaka mtafiti aweke kando anachokijua na kulisikiliza tukio kama alivyoliishi aliyepatwa nalo. Na mwaka 2004 alichapisha uchambuzi wa masimulizi ya akina mama 40 wa New Zealand, Marekani, Australia na Uingereza. Hoja yake kuu ni kwamba kiwewe cha uzazi hupimwa kwa macho ya mzazi, kwa sababu uzazi ambao mhudumu ameuandika kuwa wa kawaida huenda kwa mama ulikuwa ni saa za kuachwa peke yake, kutoambiwa kinachoendelea na kushughulikiwa kama kitu. Na kwamba mtoto mzima aliyezaliwa hutumiwa na watu wote kama ushahidi kwamba hakuna kilichoharibika. Uchambuzi wa baadaye uliojumlisha tafiti nyingi ulikadiria kwamba wanawake wapatao 4 katika kila 100 hubaki na maradhi ya kiwewe baada ya kujifungua, na kwamba miongoni mwa waliokuwa katika hatari kubwa idadi hiyo hupanda hadi 18 na ushei.

Hao walio katika hatari kubwa ndio hasa ambao Mulago, kwa kuwa ni mwisho wa safari ya rufaa, huwapokea: wenye kifafa cha mimba, wenye kuvuja damu, na wale ambao uchungu wao ulikwama kwa siku nzima katika kituo kisicho na chumba cha upasuaji hata mfuko wa uzazi ukapasuka. Wataalamu huwaita walionusurika, yaani waliofika ukingoni mwa kifo wakarudi. Dan Kaye na wenzake, katika makala ya mwaka 2014 iliyotokana na mahojiano na wanawake waliopasuka mfuko wa uzazi na kutibiwa Mulago, walionyesha kwamba kunusurika kwao hakukuwa mwisho wa habari, kwa kuwa wengi walikuwa wamempoteza mtoto, na wengine uwezo wa kuzaa tena, katika jamii ambamo nafasi ya mke hupimwa kwa watoto wake. Mwaka uliofuata Scovia Nalugo Mbalinda, mkunga na mtafiti wa Makerere, akiwa na wenzake wa Mulago, aliwageukia waume wa wanawake walionusurika, watu ambao hospitali iliwazoea kama watafutaji wa nauli na dawa, na ambao nao walikuwa na hofu na maswali yasiyo na wa kuyajibu.

Ukimya wa wanawake wenyewe una mizizi mirefu. Grace Bantebya Kyomuhendo, aliyefanya utafiti wilayani Hoima na kuuchapisha mwaka 2003, alikuta kwamba mimba na uzazi vilichukuliwa kuwa mtihani wa ustahimilivu, na kifo cha mzazi kuwa jambo la kusikitisha lakini la kawaida. Neno jikaze, ambalo Mswahili humwambia mwenye uchungu kwa nia njema, ni la ukoo huo huo, na kasoro yake ni kwamba halina tarehe ya mwisho: aliyejikaza leba hutarajiwa ajikaze nyumbani, na aendelee kujikaza arobaini ikishapita.

Hakuna mahali ambapo ukimya huo ni mzito kama pale mtoto anapozaliwa mfu. Juliet Kiguli wa Makerere na wenzake waliuita mwaka 2016 msiba usiosemwa, nao Elizabeth Ayebare, mkunga na mhadhiri wa Idara ya Uuguzi ya Makerere, amelifanya jambo hilo kuwa kiini cha kazi yake. Idara hiyo iko kwenye kilima cha Mulago na ilianza kutoa shahada mwaka 1993, miaka 75 baada ya darasa la Katharine Cook, na umbali huo wa miaka unaeleza kwa nini maswali ya wakunga yalikawia hivyo kuingia majaridani. Akishirikiana na Tracey Mills, Tina Lavender na watafiti wengine wa Uingereza, Uganda na Kenya, Ayebare alishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ambamo walisailiwa wanawake 75 na wanaume 59 ambao mtoto wao alizaliwa mfu katika kipindi cha mwaka mmoja uliotangulia. Usaili wa namna hiyo hauna maswali ya kuwekewa alama. Msailiwa husimulia, mtafiti hufuata, na baadaye masimulizi hulinganishwa mstari kwa mstari ili kuona yanapokutana.

Yalikutana katika mambo ambayo hayahitaji mashine wala bajeti kubwa. Wazazi wengi hawakuambiwa wazi kwamba mtoto amekufa, au waliambiwa kwa namna iliyowaacha gizani, na wengi waliondoka hospitalini bila kujua sababu ya kifo, hivyo wakaijaza nafasi ya sababu hiyo kwa kile ambacho jamii ilikuwa nacho tayari: uchawi, laana, au mwenendo wa mama. Faragha ilikuwa haba, na mama aliyefiwa angeweza kulazwa karibu na wenzake wanaopewa hongera. Desturi nazo ziliingia upande wa pili, kwa kuwa mazishi ya mtoto asiyewahi kulia mara nyingi si mazishi ya watu wote. Hufanywa upesi na wengine, mama akiwa bado hospitalini au akizuiwa kuhudhuria, na hupita bila matanga. Mungu atakupa mwingine, huambiwa, na kauli hiyo ya faraja humfungia mlango wa kumlilia huyu aliyekwenda. Ni muhimu kuona kwamba Ayebare na wenzake hawakuzihukumu desturi hizo kwa jumla, maana baadhi ya wazazi walizikuta kuwa kinga. Walichoonyesha ni kwamba hospitali na ukoo, kila mmoja kwa sababu zake, hukubaliana bila kukusudia kumficha mtoto asionekane, na mama hubaki na huzuni isiyo na kaburi la kulitembelea.

Inafaa kuuliza kwa nini mkunga aliyaona mambo haya mapema kuliko wengine. Daktari hufika kwa ajili ya upasuaji na huondoka; mkunga ndiye anayemfunga mtoto mfu kitambaa saa tisa za usiku, ndiye anayeulizwa na mama mbona halii, na katika jiji ambamo wodi moja hukusanya wasemaji wa Kiganda, Kinyankole, Kisoga, na Kiswahili cha wakimbizi kutoka Kongo, ndiye anayetafuta neno la kujibia. Faida hiyo ina gharama yake. Rhoda Suubi Muliira, muuguzi msomi wa Uganda, akishirikiana na Bezuidenhout wa Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, alichapisha mwaka 2015 utafiti juu ya wakunga 238 wa wilaya mbili za vijijini ambao walikuwa wameshuhudia vifo vya wazazi, na zaidi ya tisa katika kila kumi walionyesha wasiwasi wa kifo wa kiwango cha kati au cha juu, yaani hofu inayomfuata mtu hata nje ya kazi. Matokeo hayo hulifanya lile lalamiko la kawaida, kwamba wakunga wa hospitali za umma wana maneno makali, lisomeke kwa namna nyingine bila kulifuta, kwa kuwa ukali unaweza kuwa gamba la mtu aliyeona vifo vingi na hakuna aliyewahi kumketisha chini akamuuliza habari zake. Sheria mpya ya afya ya akili ya mwaka 2018, iliyochukua mahali pa ile ya 1964, imeleta lugha ya haki za mgonjwa, lakini dodoso la maswali kumi likitumika pasipo mtu wa kumpokea anayebainika, hugeuka kuwa kazi nyingine ya karatasi juu ya mabega yale yale.

Safu iliyokosekana rejestani iliwahi kuandikwa mahakamani. Mwezi Machi 2012 mwanamke mmoja alijifungua pacha Mulago, na mtoto mmoja kati ya hao wawili akatoweka. Wazazi walipodai majibu walikabidhiwa maiti ya mtoto, na kipimo cha vinasaba kikaonyesha kwamba si wao. Wakiungwa mkono na kituo cha haki za afya cha CEHURD walifungua kesi, na mwezi Januari 2017 Jaji Lydia Mugambe wa Mahakama Kuu ya Uganda aliamua kwamba haki yao ya afya na ya kupata taarifa ilikiukwa, na kwamba kuachwa bila kujua kama mwanao yu hai au amekufa ni mateso ya akili. Kwa njia ya sheria, hukumu hiyo ilifika mahali ambapo usaili wa wakunga nao ulifika, kwamba kutoambiwa ni jeraha linalojitegemea, tofauti na jeraha la kufiwa. Mahakama iliwapa wazazi hao fidia ya shilingi milioni 85 za Uganda, na ikaiamuru hospitali itoe taarifa ya maandishi kila baada ya miezi minne, kwa miaka miwili, ikieleza hatua inazochukua kuhakikisha kwamba kila mtoto anayetoka wodini, aliye hai na aliyekufa, anajulikana anakwenda wapi na pamoja na nani.